Mkono Unaanzia Begani

S.L.P. 312,
Kitengela.
20 Julai, 2001

Mpendwa kaka Mwanzia,

Pokea salamu kutoka kwetu sisi tunaotetemeka na baridi ya Julai. Je, jua la Lodwar bado linakuchoma? Wanafunzi wako wanakusikiza, na wifi amepona kifua? Huku watoto ni wazima. Mimi niko hai, ingawa kuna mtu alitaka iwe vingine. Samehe mwandiko, naandika kwa kushoto.

Mtu huyo ni Musila, ndugu ya marehemu mume wangu. Tangu tumzike marehemu, anadai bucha ni ya ukoo wao. Mwishoni mwa mwezi wa tano aliingia nikikata nyama, akaniambia nitoke. Nikamwambia akamtoe mama yake kwanza. Akanyakua chuma cha kutundikia mizani akanilenga kichwa, nami nikakinga kwa mkono wa kulia. Nilisikia mfupa ukikatika kabla sijasikia uchungu. Damu yangu ikachanganyika na ya mbuzi pale mezani. Wazee wa ukoo wakasema hayo ni mambo ya nyumbani, tusiende polisi.

Nilifungwa plasta, na daktari akasema nipumzishe mkono. Nikatii kama mtoto wa Sunday school! Niliufunga wote kwa leso, nikalala hivyo, nikaoga hivyo. Si mkono ni mkono? Unaanzia begani mpaka kwenye kucha. Niliporudi kliniki, dada wa mazoezi anayeitwa Caren alifungua ile leso akapiga kelele.

"Ai, mama! Ni kifundo ya mkono tu imevunjika! Sasa bega ilikukosea nini?"

Bega lilikuwa limekauka, halipandi hata kidogo. Nililia kwa hasira, maana Musila alikuwa akitangaza sokoni kwamba mwanamke asiyeweza kutundika mbuzi kwenye ndoano hana bucha.

Basi Caren akanifundisha kulizungusha bega polepole, kisha kuinua kiwiko juu, na baadaye kukiinua nikiwa nimening'iniza mfuko wa unga juu yake, mbali na plasta. Mkono wa kushoto nao niliupa ndoo ya maji. Kila nikiinua, namwona Musila mbele yangu, namtukana na kumzaba kofi. Usicheke, mwalimu. Bega lilirudi kwa matusi.

Ijumaa iliyopita naye alirudi. Alinikuta na mteja mmoja tu, ole Sankale wa Bisil. Akanikaba shingo, akanigonga kichwa kwenye meza ya kukatia, akidhani ule mkono wenye plasta umekufa. Nikazungusha kiwiko kikampata tayani. Meno mawili yakaruka. Nikamsukuma kwa bega mpaka ukutani, akaanguka, nikamkalia kifuani na kumkandamiza koo kwa kiwiko hicho hicho. Macho yakamtoka. Akawa anapigapiga sakafu kwa viganja, anaomba. Sikumwachilia. Ole Sankale ndiye aliyenivuta kiuno, akipaza sauti: "Yieyo, tapala! Wacha, mama, huyu anakufa!"

Wanawake wa sokoni wananisifu. Nasike wa mboga ameniletea kuku. Lakini wewe ni wa tumbo moja na mimi, nitakuambia ukweli. Nilikuwa nimeshamaliza kujitetea. Nilikuwa naona raha, na nilimchukia ole Sankale aliponivuta.

Musila ameapa kwamba mdomo ukipona atarudi. Tafadhali usingoje shule zifungwe. Omba ruhusa, uje tusimame wote mbele ya wazee, bucha ijulikane ni ya nani. Bado nainua ule mfuko wa unga kila asubuhi, na simwogopi tena. Naogopa siku atakayonikuta bila mteja wa kunivuta.

Wasalimie wifi na watoto, kina Mbithi. Mama anakuombea kila jioni, nami naitikia amina. Mungu awafunike huko mliko.

Ni mimi nikupendaye, dada yako,
Mutheu