Nimeikalia tairi ya Swafwan, siondoki

Hadia, usicheke. Niko Mokowe kwa muuza tairi, nimeikalia tairi moja, na siondoki.

Swafwan wangu si kapata ile kazi ya kupeleka dawa Witu kwa pikipiki kubwa? Siku tano lami, siku moja mchanga. Sasa ataka tairi za meno makubwa, mbele na nyuma! Lami ikilowa meno yale hayashiki kitu. Ridhwani wa dada yangu alivunjika nyonga hivyo hivyo pale mjini Hindi.

Nikasema afunge hizi za meno mafupi, kama hii niliyoikalia, zashika lami na mchanga zapita.

Wajua muuzaji kanambia nini? Mbele ya watu! "Bi, nyinyi wa kisiwani Amu mwajua punda tu. Punda hana tairi."

PUNDA HANA TAIRI, Hadia! Wakacheka wote, na Swafwan akacheka nao.

Nikamjibu, "Hana, bwana. Lakini hatumpakii mawe kabla ya kumtazama kwato. Wewe umemuuliza mwanangu apita ndia gani?"

Hakuuliza!

Swafwan akaninong'oneza, "Mama, inuka, wanifedhehesha." Nikamwambia fedheha nitaibeba, jeneza lako sitaliweza.

Yassir wako akija kununua zake, usimwache aje pekee. Hawa hawaulizi ndia, wauza meno tu.

Haya, Swafwan kashika spana mwenyewe, afungua gurudumu la nyuma. Kasema ninyanyuke, aitaka hii niliyoikalia. Kanuna mpaka shingoni.

Na anune.