Kikao cha Kuamua Kama Mwanzia ni Kijana au Mzee

KIKUNDI CHA MAJIRANI TUSHIKAMANE, KITENGELA
Kumbukumbu za mkutano maalum uliofanyika Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, nyumbani kwa Mama Wacuka, kuanzia saa nane mchana.

WALIOHUDHURIA
Wazee: Bw. Mburu (Mwenyekiti), Bw. Gitonga (Mweka Hazina)
Akina mama: Bi. Wacuka, Bi. Wamaitha (Katibu)
Vijana: Mwanzia, Hillary
Mwalikwa: Ndulu, mpwa wa Mwanzia

ALIYEKOSA KWA UDHURU
Bw. Muthama (yuko Namanga kikazi)

KUMB. NA. 1/3/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa maombi, akamshukuru Mungu kwa mvua na Mama Wacuka kwa sebule yake. Mwanzia na Hillary walikuwa wamepanga viti. Walibaki mlangoni wamesimama, kwa kuwa kijana haketi kabla ya wazee kuketi.

KUMB. NA. 2/3/2025: OMBI LA NDULU
Ndulu alieleza kwamba Jumamosi ijayo wageni watatoka Tuala kuzungumzia mahari yake. Aliomba mjomba wake aketi na wazee na kumsemea kama baba. Alikumbusha kwamba mamake, marehemu Nzula, alimwacha hajaota meno yote, na aliyemlea ni mjomba huyo.

"Mimi sina baba mwingine. Kama anko atakuwa huko nje anashika kamba za tenti wageni wakiniulizia, afadhali hao watu warudi kwao."

KUMB. NA. 3/3/2025: PINGAMIZI
Bw. Gitonga alikumbusha sheria ya kikundi: mwanamume asiyeoa ni kijana, na kijana hubeba tenti, hunawisha wazee mikono, na hasemi mbele ya wakwe. Alisema hana ubaya na mtu, ila wageni wakiuliza mke wa msemaji yuko wapi, kikundi kitaaibika. Watasema Kitengela walikosa mzee.

Ieleweke kwamba Bw. Gitonga ana miaka thelathini na mmoja na alioa mwaka juzi, kwa hivyo ni mzee. Mwanzia ana hamsini na minne na ni kijana. Katibu anaandika tu.

Hillary aliomba ruhusa ya kusema, akapewa. "Mimi na yeye tunaitwa vijana. Mimi ata ndevu haijatoka poa. Yeye akiinua tenti, mgongo inalia. Sasa hiyo ni ujana gani, wazee wangu?"

Wajumbe walicheka. Mwanzia pia alicheka, lakini si sana.

Bi. Wacuka alisema siku ya mazishi ya mumewe upepo ulitaka kung'oa tenti, na Mwanzia alikumbatia mlingoti mvuani hadi ibada ikaisha. Siku ile hakumshukuru. Alitaka ashukuriwe leo na iandikwe. Imeandikwa. Aliongeza kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kisha akamgeukia Mweka Hazina.

"Wewe Gitonga, ni nani alikuwa anakubeba mabegani kwa matope ukienda nasari? Na juzi kwa sherehe ya mtoto wako, ni nani alikunawisha mikono?"

 Bw. Gitonga aliangalia viatu vyake.

KUMB. NA. 4/3/2025: UAMUZI
Bw. Gitonga aliomba nafasi tena. Sauti yake ilikuwa chini. Alipendekeza sheria isomeke hivi: mzee ni aliyeoa au aliyelea. Bi. Wacuka aliunga mkono. Hakuna aliyepinga.

Mwenyekiti alisema ukweli usemwe: Mwanzia aliitwa kijana miaka yote hii kwa sababu kikundi kilihitaji mtu wa kubeba tenti. Alimwomba msamaha kwa niaba ya wote.

KUMB. NA. 5/3/2025: SHUKRANI
Mwanzia alienda mbele kujibu akiwa amesimama, kama kijana. Mwenyekiti alimwonyesha kiti. Ilichukua muda kabla hajakikalia.

Alieleza kwamba alikuwa na mchumba kule Magadi, ila mchumba hakutaka mtoto wa marehemu, naye hakutaka kumrudisha Ndulu kijijini. Hajuti.

"Hiyo jina ya kijana ilikuwa inaniuma siku za sherehe tu. Siku zingine huyu mtoto alikuwa ananiita baba nikiwa nimelala, akidhani sisikii. Asanteni sana."

Ndulu alilia. Katibu naye aliacha kuandika kidogo.

Mzee Mwanzia aliuliza nani atainua tenti Jumamosi, maana upepo wa huku Hillary peke yake hauwezi. Bw. Gitonga alisema ataiinua pamoja na Hillary.

KUMB. NA. 6/3/2025: KUFUNGA
Chai na mandazi vililetwa. Kwa mazoea, Mzee Mwanzia aliinuka kuchukua jagi na beseni awanawishe wazee. Alikuta Bw. Gitonga ameshavishika.

"Nawa, mzee," Bw. Gitonga alisema.

Mzee Mwanzia alinyoosha mikono. Maji yalimiminwa hadi jagi likaisha, na hakuna aliyemharakisha.

Kikao kilifungwa saa kumi na nusu kwa maombi ya Mzee Mwanzia. Yalikuwa marefu. Chai ilipoa, tukainywa hivyo hivyo.

Sahihi:
Mburu, Mwenyekiti
Wamaitha, Katibu