Chumba cha Mbele

Ng'ambo, Tabora

Mama yangu,

Shikamoo. Kaka Shija anayekusomea asome polepole, na asiruke penye aibu yangu. Mguu unaendeleaje? Ng'ombe wamepata maji? Mimi mzima, cherehani yangu nzima, ila moyo hautulii. Nakaa, nasimama, natoka barazani, narudi ndani.

Kinachonihangaisha ni ile nyumba niliyonunua nipangishe. Vyumba sita, ukumbi katikati, kisima uani. Muuzaji alisema wapangaji hawakosi kwa kuwa reli iko karibu, na kweli hawakosi. Lakini niliikagua kiangazi, mama! Mvua ya kwanza ilipopiga, maji ya mtaa mzima yakapita ukumbini kwangu, wapangaji wakapanda vitandani na masufuria yao. Nilichimba mfereji siku tatu, sikushona hata kanzu moja. Wewe ungetazama tu majani yalivyoota, ukajua maji yanapita wapi.

Sasa nimejifunza. Mpangaji akija simuulizi kazi kwanza. Namuuliza atapikia wapi, na kama mkewe atakubali zamu ya kufagia uwanja. Ugomvi wa ufagio umenikimbizia wapangaji wawili.

Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, sikumpa mtu. Hicho chako. Masika ya pili haya kipo kitupu, nakifagia mwenyewe, na wewe huji. Shija aliponiandikia kwamba kaya zote za hapo Choma zinahamia kijiji cha ujamaa na nyumba za zamani zitabomolewa, na kwamba wewe unataka kuhama na majirani zako badala ya kuja kwangu, nilikasirika nikaichana barua. Nisamehe.

Juma lililopita nilitoka sokoni nikakuta kitanda chumbani mwako. Cha Kibwana, Mzaramo anayefanya kazi reli, mpangaji wa chumba cha nyuma kilichoingia maji. Angekuwa mwingine tungefika kwa balozi wa nyumba kumi. Lakini huyu ni mtani! Babu zao na babu zetu walizikana njiani enzi za misafara. Nikimnunia, mtaa mzima utanicheka. Nikamwambia, "Toka, hicho cha mama."

Akajinyoosha. "Mnyamwezi wee, umezoea mizigo, hata mzigo usiokuwepo unaubeba! Mama yako mke wangu, namngojea hapahapa." Nikacheka. Ndipo aliponichoma: "Haji huyo. Ana watu wake. Wewe ndiye unayeogopa kurudi kwenu, unasingizia chumba."

Mama, ni kweli. Naogopa kuiona nyumba aliyoijenga baba ikibomolewa. Nikadhani nikikuwekea chumba nimemaliza wajibu.

Basi Kibwana abaki. Nimemwachia nyumba, wapangaji na ugomvi wao wa ufagio. Mwezi ukiandama naja, nikujengee huko kijijini. Kiwanja uchague wewe, tena sasa hivi mvua inaponyesha. Macho yangu mimi umeshayajua.

Msalimie mke wa Shija aliyenitumia karanga, na shangazi anayelala nawe hapo nyumbani. Kibwana naye anakusalimu, bado anakuita mke.

Na mlango wa baba, mama, wakianza kubomoa kabla sijafika, usimpe mtu aubebe. Nitaubeba mwenyewe.

Mwanao,
Maganga