Jua Lilivyotunyima Habari za Mto

Ifakara,
Mwisho wa masika, 1957

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana nimekaa muda mrefu bila kukuamkia. Adelina mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, nakuomba usome polepole, na ukifika mahali pazito usiruke. Mpe Mama maji ya kunywa, kisha uendelee.

Miguu inaendeleaje? Mara ya mwisho mliniandikia kwamba imevimba na huwezi kushuka hadi kwenye kahawa. Na mvua za huko milimani zimewaachia maharage, au zimeyaozesha shambani? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nafanya kazi, usingizi ni wa shida. Zaidi ya hapo sitasema, kwa kuwa nikisema niko salama utajua ninadanganya.

Ile simu ya maneno machache mliyosomewa misheni, kwamba Tito amekufa maji na amezikwa huku, niliipeleka mimi. Simu haina nafasi ya kueleza. Nikataka niandike barua siku ileile, lakini barabara ilikuwa imekatika kule Kiberege, na lori la barua halikupita mpaka juzijuzi. Lilipopita liliniletea barua yenu. Umeniuliza mwanao alikufaje na alikuwa na nani. Baba mdogo Kasiani naye ameongeza maneno yake chini, nayo nitayajibu. Ila kwanza nikueleze wewe uliyemzaa.

Kazi yangu unaijua kwa kusikia tu. Nakaa katika kibanda cha bati cha wapimaji wa mto, nimevaa vyombo masikioni, nazungumza kwa simu ya upepo. Juu ya mto, mbali sana na hapa, kuna kituo kingine, na huko yuko mwenzangu, Mpogoro mmoja aitwaye Fidelis. Kila asubuhi Fidelis huniambia maji yamefika wapi kwenye nguzo yao ya kupimia. Maji yakipanda kule hayafiki huku siku hiyohiyo, hutambaa bondeni kwanza. Kwa hiyo akituambia mapema, tunapeleka habari kwa watu walio mabondeni nao wanatoka. Na watu huko ni wengi, Mama. Wakati wa masika jamaa nzima huhamia kwenye mpunga, wanajenga vibanda vya miti juu ya nguzo, wanalinda ndege na nguruwe mwitu, wengine wanavua samaki palepale. Nyumba zao za Ifakara na Katindiuka zinabaki na wazee.

Tito naye nilimwombea kazi kwetu, akawa anasoma nguzo ya huku, karibu na kivuko. Alipendwa. Alipokuwa akipita, wanawake waliokuwa wakianika samaki walimwita Mmatengo, wakamcheka anavyoogopa maji, naye akicheka pamoja nao. Huko ndiko alikojuana na Skolastika, binti wa Mzee Alois, mvuvi na mkulima wa Katindiuka. Nilikuwa nakusudia kukuandikia habari hiyo baada ya Pasaka, ili tuanze mambo ya posa kwa utaratibu. Sasa unaisikia hivi.

Mzungu wetu, ambaye watu wa hapa wanamwita Bwana Maji, ana darubini. Mwaka huu, alituambia, mataifa mengi yamekubaliana kulitazama jua, kwa sababu limechafuka kuliko kawaida yake. Halitazamwi kwa macho, linapofua. Yeye huielekeza darubini juani, halafu nyuma yake anaweka karatasi nyeupe, na jua linaonekana pale kwenye karatasi kama sahani. Jumatatu moja akatuita mimi na Tito tuone. Juu ya ile sahani kulikuwa na madoa meusi, mengine yamekusanyika pamoja kama kundi la nzi. Akasema hata doa moja katika yale ni kubwa kuliko dunia yetu nzima.

Tito akauliza, “Kwa hiyo jua linaumwa, Bwana?”

Bwana Maji akacheka, akasema haliumwi, ndivyo lilivyo, kila baada ya miaka kadhaa madoa huongezeka kisha hupungua. Ila yanapokuwa mengi, akasema, jua huweza kulipuka mahali pamoja ghafla, na mlipuko huo hauna sauti wala hatuuoni, lakini unaharibu simu za upepo. Mama, nitakueleza kama nilivyoelewa. Unakumbuka tulipokuwa watoto tukichunga, tulikuwa tunaita ng'ambo ya bonde, sauti inagonga mlima inaturudia. Simu ya upepo ni hivyohivyo. Sauti yangu inapanda juu sana, huko kuna kitu kama dari lisiloonekana, inagonga, inashuka kwa Fidelis. Jua likilipuka, lile dari linavurugika. Sauti inapanda hairudi.

Kesho yake, saa sita mchana, nilikuwa nazungumza na Dar es Salaam. Mbingu zilikuwa zimefunguka baada ya mvua, jua linawaka vizuri. Katikati ya neno, yule mtu akapotea. Hakufifia kidogokidogo, alipotea, na nyuma yake pakawa kimya kama pamba imejazwa masikioni. Nilikagua mashine nikaona haina kosa. Jioni sauti ilirudi, na Dar es Salaam wakanipa onyo: jua limelipuka, inatazamiwa dhoruba itakayofuata nyuma yake, simu zinaweza kusumbua kwa siku kadhaa. Nikampelekea Bwana Maji. Akalisoma akiwa amesimama.

Dhoruba hiyo ilikuja kweli. Usiione kama dhoruba ya mvua na upepo. Huku chini hakuna kilichotikisika, kuku waliendelea kuparua, watu waliendelea kutwanga. Ni mimi tu niliyekuwa nayo masikioni, mchakacho kama mtu anakaanga karanga mbichi, na ndani yake hakuna mtu. Nilimwita Fidelis asubuhi, nikamwita mchana, nikamwita jioni. Siku ya pili vilevile. Na upande wa juu wa bonde kulikuwa na wingu zito halisogei. Kila mtu aliyekuwa na macho aliliona, lakini wingu halisemi mto umepanda kiasi gani.

Alhamisi Bwana Maji alituita sote. Akasema hatuna habari, na kukosa habari si kwamba hakuna hatari. Akasema yeye hawezi kukaa kungoja jua litulie, bora watu watoke mabondeni bure wamlaumu, kuliko wabaki. Akataka watu wa kwenda kwa mitumbwi, kila mmoja upande wake. Upande wa kina Mzee Alois ulikuwa hauna mtu wa kuuendea, kwa kuwa ni mbali, njia yake ni ya matete na mikondo. Tito akasema ataenda yeye.

Nilimvuta pembeni nikamwambia hajui kuogelea.

Akanijibu, “Siendi kuogelea, kaka. Naenda kuwaambia watu. Mimi wananijua, mgeni hawatamsikiliza, mpunga umekaribia kuiva.”

Mama, alisema kweli. Mpunga ukikaribia kuiva huwezi kumtoa mtu shambani kwa habari za jua. Aliondoka na mvuvi mmoja wa hapa kivukoni. Alivaa lile koti la Baba, unalijua, lililokatika kifungo cha shingo. Hivyo ndivyo nilivyomwona mwisho.

Yaliyofuata ninayasimulia kama alivyonisimulia Mzee Alois, maana mimi nilibaki kwenye mashine kwa amri, nikiendelea kumwita Fidelis.

Walifika kule mchana. Mwanzoni watu waligoma, kama alivyotabiri. Mmoja alimuuliza, tangu lini jua likaleta mafuriko. Tito akawaambia jua halileti mafuriko, limetuziba masikio tu, na mtu aliyezibwa masikio hakai katikati ya njia. Wakamcheka, lakini Skolastika akaanza kukunja mikeka, na mama yake akamfuata, basi na wengine wakainuka. Jioni hiyo walianza kuwavusha watoto kwenda kwenye ardhi ya juu. Asubuhi ya Ijumaa maji yakaanza kubadilika rangi, yakawa mekundu na yanavuta, na wale waliokuwa wamecheka wakawa wanaomba mtumbwi. Tito hakupumzika. Alikuwa anaita majina ya watu, kibanda kwa kibanda, ili asisahaulike mtu.

Mwishoni alibaki bibi mmoja, dada wa marehemu baba yake Mzee Alois, ambaye hasikii vizuri na alikuwa amejifungia kibandani mwake. Mzee Alois akashika kasia, Tito akakaa mbele. Walimtoa yule bibi. Wakati wa kurudi, gogo kubwa lililokuwa linakuja na mkondo likaupiga mtumbwi ubavuni, ukapinduka. Mzee Alois alimshika shangazi yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na mkono wake. Tito alishika matete. Mzee Alois anasema alimwona ameyashika, akamwambia ajikaze, anarudi. Alimfikisha bibi kwenye tawi la mti, akageuka. Matete yalikuwepo. Tito hakuwepo.

Walimtafuta siku hiyo na siku iliyofuata. Jumapili Mzee Alois mwenyewe ndiye aliyempata, chini kidogo ya pale, bado amevaa koti la Baba, na akamleta Ifakara kwa mtumbwi wake. Alikuwa amemfunika kwa shuka ya nyumbani kwake, ile waliyokuwa wakiwawekea wageni.

Jumapili hiyohiyo, kabla sijajua, ule mchakacho masikioni ulipungua, ukaisha. Sauti ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya Fidelis. Ilikuwa imekauka, hata sikuitambua. Alikuwa anasoma maneno aliyoanza kuyasoma tangu Jumatano, hajaacha: maji yamepanda sana, yanakuja kwenu, ondoeni watu. Nilimjibu kwamba nimesikia. Nilikuwa bado nimevaa vile vyombo masikioni Bwana Maji alipoingia akiwa ameshika kofia mkononi, nikajua.

Tulimzika kwa Misa, kwenye makaburi ya Wakristo hapa Ifakara, upande usiofikiwa na maji. Wanawake wa kivukoni walilia kama wamefiwa na wa kwao. Waislamu wa sokoni walifunga maduka, wakaja kushika jeneza. Yule bibi aliletwa amebebwa mgongoni, akakaa chini kando ya kaburi, hakutaka kuondolewa mpaka jua likawa kali. Katika upande ule wote, watoto kwa wazee, hakufa mtu mwingine.

Sasa nijibu maneno ya Baba mdogo Kasiani. Ameandika kwamba mgeni hafi maji hivihivi, na kwamba watu wa huku wamemtoa mwanetu ili wao wabaki. Anataka kwenda kwa mganga apewe jina, kisha aje Ifakara na vijana. Baba mdogo, kwa heshima yako yote, nakuomba usije kwa safari hiyo. Mimi pia nilitafuta jina. Siku zile za kwanza nilimtazama kila mtu usoni. Nilimwendea hata Bwana Maji, nikamuuliza kama haiwezekani mtu kujua siku jua litakapolipuka, tukajiandaa mapema. Akaniambia watu wanalitazama kila siku duniani kote kwa ajili hiyohiyo, lakini bado hakuna anayeweza kuitaja siku. Akasema pia kwamba alimpenda Tito. Basi nikaona, nikitafuta jina nitalipata tu, na litakuwa la mtu asiye na kosa. Mzee Alois ameshika kasia kwa mikono yake akamtafuta mwanetu katika maji yale. Mtu aliyemuua hafanyi hivyo. Mama, wakija kukushawishi, sema umekataa. Wewe ndiye uliyefiwa, neno lako litasikilizwa.

Msalimie Shangazi Oliva, aliyemlea Tito ulipokuwa mgonjwa, na umwambie alimlea mtu. Msalimie katekista aliyemfundisha kusoma. Baba mdogo Kasiani nampa shikamoo na pole, sina chuki naye, najua ni uchungu. Adelina, umesoma vizuri, pumzika. Huku Mzee Alois na nyumba yake yote wanawasalimu, na wanatoa pole ambayo wanasema haitoshi.

Likizo yangu ni baada ya mavuno, nitakuja nyumbani na koti la Baba. Skolastika amenyoa nywele kama mjane, ingawa hatukuwahi kupeleka posa, na baba yake hakumkataza. Anaomba ruhusa yako tufuatane, akae nawe miezi michache, akusaidie kahawa mpaka miguu ipone. Naomba umkubalie. Kila jioni anakuja kibandani nimfundishe namna ya kukuamkia kwa Kimatengo. Tito alikuwa amemfundisha nusu tu.

Mwanao anayekuwaza,

Gaudensi