Kisigino cha Kushoto

Katito,
11 Mei 2025

Baba mpendwa,

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na ninaliandika kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Likizo ya Aprili nilivaa mabuti yako ya kauboi.

Sasa, habari za nyumbani? Natumaini wewe na Mama mko salama na kwamba mgongo haukusumbui unapokuwa juu ya ngazi. Mimi ni mzima, mafua kidogo tu. Barua hii utaletewa na Shangazi Lorine akirudi kutoka kuuza dagaa wa omena hapa sokoni. Simu bado ni marufuku shuleni, hata ya mwalimu wa zamu hatuazimwi.

Ilikuwa ile wikendi mlipoenda Usenge mkaniacha nisome. Niliyatoa chini ya kitanda, yakiwa yamefungwa ndani ya shuka kuukuu kama mtoto mchanga. Najua kwetu mtoto wa kiume haingizi mguu ndani ya kiatu cha baba yake aliye hai. Najua, na bado niliingiza. Nilitaka kujua unachokijua wewe ukiyavaa. Nilipitisha kidole juu ya ile mishono myeupe, kutoka nchani mpaka juu kwenye shavu la mguu. Niliposimama, kisigino kilinisukuma mbele kidogo na kifua kikatoka chenyewe. Sikuwa mfupi tena. Nilitembea kwenye sakafu, ko, ko, ko, nikasikia kama ni wewe unayeingia nyumbani.

Nimekumbuka siku ya wazazi mwaka jana. Ulipopita langoni wavulana walicheka wakasema, "Cheki buda amevaa hiili," yaani mzee kavaa visigino vya kike. Waliniuliza wewe ni nani wangu. Nilisema ni jirani yetu. Naomba msamaha kwa hilo pia.

Jambo hili lina sehemu ya pili, lakini mkono unakataa. Nitaiandika barua ijayo.

Mwanao,
Calvince Oluoch


Otonglo,
17 Mei 2025

Mzee wangu Oluoch,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako Adero. Sisi ni wazima. Hayo mafua yatibu kwa maji moto, usingoje mpaka yashuke kifuani.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi, nikacheka mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza kuna nini. Baba yangu angekufukuza kwa fimbo hadi majini. Lakini wewe umebeba jina lake, na tangu uzaliwe ninakuita mzee. Kwa hesabu hiyo viatu ni vyako, mimi ndiye niliyekuwa nikiviazima! Tuyaache hapo. Usimwambie mama yako, ataita watu wa maombi.

Na hilo la jirani limeniuma, siwezi kukudanganya. Limeniuma, limepita.

Unataka kujua ninachokijua? Wiki nzima niko juu ya ngazi, rangi imenidondokea mpaka masikioni. Watu wanautazama ukuta, hawanitazami mimi. Jumamosi ninaoga, ninayavaa, ninakwenda nyuma ya bucha ya Bridget. Unawajua wenzangu: Robinson, Wechuli, Waswa fundi wa viatu, na wale wawili wa kituo cha mafuta. Tunaweka miguu juu ya benchi, kila mmoja anakagua kisigino cha mwenzake, kimelala kwa pembe gani, kimelika upande gani. Wechuli ni mrefu kama mlingoti na bado kisigino chake kinatushinda sote. Bridget hupiga kelele kutoka dirishani, "Absalom, leo umeazima vya Adero?" Namjibu, "Adero hana miguu ya kuvibeba hivi." Basi tunacheka, redio inaimba nyimbo za wachunga ng'ombe wa mbali, na kwa saa tatu mimi ni mtu anayetazamwa.

Wewe umenipa siri, nami nakupa yangu. Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye mazishi Usenge. Niliyavaa asubuhi mpaka jioni, nikacheza na bendi kama kijana. Nilipovua, soksi ya kushoto ilikuwa imelowa damu kisiginoni. Sikuwa nimehisi chochote. Mwaka jana daktari wa kliniki aliniambia nina sukari, na kwamba miguu itaanza kufa ganzi. Mama yako hajui. Kidonda ni kidogo, ninakiosha kwa maji ya chumvi. Jumamosi ijayo nitampa Waswa aliangalie hilo buti, maana Februari ndiye aliyelitia soli.

Na ile sehemu ya pili? Iandike tu. Mimi si simba.

Babako,
Absalom


Katito,
25 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi huku tunaendelea na mitihani ya katikati ya muhula.

Baba, tafadhali usiyavae tena mabuti hayo mpaka nije nyumbani. Tafadhali mwambie Mama kuhusu sukari na uende hospitali hata kama kidonda ni kidogo. Usikioshe kwa chumvi peke yake. Nimesoma kwenye kitabu cha Biolojia kuhusu miguu ya watu wenye sukari. Nenda upesi.

Nitakueleza sababu ya mabuti. Siyo leo.

Mwanao,
Calvince


Hospitalini, Kisumu,
8 Juni 2025

Mzee wangu,

Salamu. Utasamehe mwandiko, ninaandika nikiwa nimelala chali na daftari liko juu ya tumbo. Mama yako alitaka aniandikie, nimekataa. Wewe uliniandikia kwa mkono wako.

Nitakuambia bila kuzunguka kwa sababu wewe ni mtu wa kusoma. Jumatatu iliyopita waliukata mguu wa kushoto, chini ya goti. Kidonda kilikuwa kimeingia mpaka kwenye mfupa. Sasa joto linanipanda na kushuka, wanabadilisha dawa kila siku. Usiniogopee. Nimemwambia mama yako aniletee buti la kulia tu, nilitazame, akalia, nikajuta kwa mzaha huo.

Kitu kinachonikaa moyoni ni Waswa. Jumamosi tarehe ishirini na nne nilimpelekea lile buti. Aliingiza mkono, akatoa kipande cha karatasi ngumu kimeshikana kwa damu, hata rangi haikuonekana. Chini ya karatasi ncha ya msumari ilikuwa imechomoza. Msumari mrefu, wa mbao, siyo wa viatu. Nikamwambia, umenipigilia msumari wa paa kisha ukauficha kwa karatasi. Akasema, "Absalom, mimi sijawahi kutumia msumari huu tangu nianze kazi." Nikamwita mwongo na muuaji mbele ya wote. Nikamtupia buti kifuani. Aliliokota akaliweka chini ya benchi lake. Sasa Robinson ananiambia watu hawampelekei viatu tena. Nami nikasema vizuri, na afe njaa. Nililala na Waswa chumba kimoja miaka mitano kabla sijaoa. Mtu wa namna hiyo, anawezaje?

Jambo jingine. Barua yako ilinifika siku tatu baada ya hapo. Ulisema nisiyavae mabuti na kwamba kuna sababu, na hukuwepo, na hakuna aliyekuambia habari ya msumari. Mama yako anasema uliota. Wamama wa maombi wamekuja hapa kitandani wakasema babu yako anasema nawe kwa sababu ya jina. Nami nimeanza kuamini. Uliota nini, mzee? Niandikie. Nikijua ni baba yangu anayetuangalia nitalala vizuri zaidi.

Babako,
Absalom


Katito,
15 Juni 2025

Baba mpendwa,

Pole sana. Nimeisoma barua yako kwenye vyoo vya shule kwa sababu ndiko hakuna watu. Sijui niulizeje hali yako.

Sikuota. Babu hakuniambia kitu.

Hii ndiyo sehemu ya pili. Ile siku nilipovaa mabuti sikubaki ndani. Nilitoka, nikapita nyuma ya nyumba ili nisikie sauti yake kwenye zege. Kisigino cha kushoto kiliingia kwenye ufa wa mfuniko wa mtaro. Nilipovuta mguu, kisigino kikaachana na soli kwa nusu yake. Ningempelekea Waswa angekitengeneza kwa dakika kumi, lakini angejua nimeyavaa, na angekuambia. Ingekuwa afadhali kuiba, kwetu mwizi husamehewa upesi kuliko mtoto aliyesimama ndani ya viatu vya baba yake.

Kwa hiyo nilichukua msumari kwenye mkebe wako wa kazi, nikapigilia kutoka chini. Ulishika. Nilipaka kiwi ya viatu juu yake. Kisha niliingiza mkono ndani nikagusa ncha. Nilijua, Baba. Niliigusa kwa kidole hiki ninachoshikia kalamu. Nilifikiri ukisikia inakuchoma utavua na kumpa Waswa, naye ataona ni kitu kilichotokea chenyewe. Nilikata jalada la daftari langu la Kemia nikaliweka juu yake. Sikujua kwamba miguu yako haisikii. Uliponiandikia kuhusu damu nilijua, nikakaa siku nane bila kuandika, na nilipoandika sikusema.

Waswa hakufanya kosa lolote. Tafadhali mtume Robinson akamwambie leo. Usingoje upone. Mwambie ni mimi.

Niadhibu utakavyo. Hata ukiniambia nisirudi nyumbani nitaelewa. Lakini nijibu.

Mwanao,
Calvince


Katito,
7 Julai 2025

Baba,

Shangazi Lorine hana wa kumpelekea barua hii, lakini wewe uliniuliza kuhusu ile ndoto na nimezoea kukujibu kwa maandishi.

Barua yangu ya mwisho ilifika hospitalini Jumatatu tarehe kumi na sita. Shangazi aliiweka chini ya mto kwa sababu joto lilikuwa limekupanda na ulikuwa ukiita majina ya watu. Ulifariki Jumanne alfajiri. Walimpa Mama mfuko wa plastiki wenye miwani yako, redio ndogo, buti la kulia na bahasha. Bahasha ilikuwa bado imegundishwa.

Tulikuzika Usenge tarehe ishirini na nane. Mama alikuvalisha buti la kulia. Robinson na Wechuli walikuja na mabuti yao, wakasimama nyuma ya hema. Waswa hakuja. Mchungaji alinisimamisha akasema mimi ndiye kijana aliyeonyeshwa katika ndoto. Nilisimama, nikaketi.

Ijumaa iliyopita nilienda Otonglo. Waswa alikuwa amekaa peke yake, benchi halina viatu ila jozi moja ya ndara.

"Wewe ni wa Absalom," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Umekuja kunipiga na lile buti la kulia?"

Nilimpa bahasha. Alinirudishia akasema macho yake ni mabaya, nimsomee. Niliifungua mwenyewe nikasoma yote. Alishona ndara zile mpaka mwenyewe akaja kuzichukua. Kisha akasema, "Baba yako aliniita muuaji mbele ya watu. Kesho saa tisa watakuwa pale kwa Bridget. Mimi usiniambie. Waambie wao."

Jumamosi nilienda na Waswa. Walikuwa wameweka miguu juu ya benchi kama ulivyoniandikia, na nafasi yako ilikuwa wazi. Bridget alizima redio. Unajua siwezi kuongea mbele ya watu, kwa hiyo nilisoma barua ile tena. Nilipomaliza, Robinson aliuliza, "Kwa hiyo ile ndoto?"

"Hakukuwa na ndoto."

Wechuli alishusha miguu yake kutoka kwenye benchi, halafu wengine wakashusha. Mmoja wa wale wa kituo cha mafuta alinitemea mate karibu na viatu, akaondoka. Robinson alimwambia Waswa, "Bwana, tulikukosea," na Waswa akasema, "Ndiyo, mlinikosea." Hakusema amesamehe. Mimi pia hakuniambia amesamehe.

Tuliporudi kwenye benchi lake la kazi, Waswa alitoa buti lako la kushoto chini yake, akanipa koleo. Niliung'oa msumari mwenyewe. Uko ndani ya mkebe wangu wa jometri. Kisha alikipigilia kisigino upya kwa misumari mifupi, akinionyesha jinsi ya kuipima kwa ukucha kabla ya kupiga. Aliingiza mkono ndani, akaniambia na mimi niingize. Palikuwa laini kabisa.

Jioni hiyo nilirudi Usenge, ambako Mama alibaki tangu mazishi, nikamwambia. Alikuwa akichagua maharagwe. Aliendelea mpaka akamaliza sinia lote, akanawa mikono, akaingia ndani. Hajanisemesha tangu hapo. Lakini Jumapili asubuhi nilikuta jembe limeegemezwa mlangoni, na kando yake ile shuka kuukuu.

Nililifunga buti ndani ya shuka. Nilichimba upande wa kushoto wa kaburi lako, pale ambapo mguu wako ungefika, kina cha mkono wangu mpaka kiwikoni. Nililisimamisha juu ya kisigino chake nikalifukia. Nilikanyaga udongo ushikane, nikarudisha jembe mahali pake, nikanawa ziwani, kisha nikaja shule.

Mwanao,
Calvince Oluoch