Baba, Wananihesabu Mnyambo

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika halafu nikakaa kidogo, kana kwamba utaitikia. Huku Igurwa mvua zimeanza vizuri, na ile mibuni uliyoikata Mama akalia kwamba umeiua, imechipua na kuzaa mpaka matawi yanainama. Mama ni mzima, ila amezidi ukali. Yule mbuzi wako mkorofi hatunaye tena, usiulize kwa nini.

Niko nyumbani tangu juzi. Nilimwambia Mama nimekuja kupalilia kaburi lako, na kweli nimepalilia. Lakini kilichonileta ni kingine, na kimenivuruga akili kiasi kwamba nimeamua kukuandikia wewe usiyeweza kunijibu, maana wanaoweza kunijibu wote wanaanza kwa kukohoa.

Pale chuoni ninakofundisha, Shule ya Biashara imeunda kamati ya ujumuishi. Najua ungecheka. Maana yake ni kwamba wakubwa wamegundua kuwa walimu wetu karibu wote wanatoka mikoa ileile na familia za aina ileile, na wengi ni wanaume, ilhali wanafunzi wanatoka kila pembe ya nchi. Sasa wanataka wakufunzi wasaidizi wa namna nyingine: wanawake, wenye ulemavu, watoto wa wakulima, watu wa pembezoni. Ni jambo jema, Baba. Nililipigia makofi. Nakumbuka nilipofika pale kama mwanafunzi, darasa zima hakuna aliyejua kwetu Karagwe ni upande gani. Mwalimu wa masoko mifano yake yote ilikuwa ya maduka makubwa ya mjini, na mimi biashara niliyoijua ilikuwa wewe, baiskeli na gunia la kahawa.

Basi wakaniweka kwenye kamati. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mpole anayefundisha uhasibu, aliniambia kwa furaha kwamba nawawakilisha wanawake, wakulima na Wanyambo, vyote kwa mshahara mmoja. Nikacheka. Ningefanya nini?

Hapo ndipo ninapoanza kupotea. Sisi tumelelewa kujua kwamba kumuuliza mtu kabila lake kazini ni kukosa adabu. Sasa tunaulizana, kwa nia njema kabisa, kwa sauti ya chini, kama watu wanaoulizana habari za ugonjwa. Niliwaambia tuache. Mwenyekiti akaniuliza, kwa upole wake uleule, "Tukiacha kuwauliza, tutajuaje kwamba tumewajumuisha?" Tukaendelea kuulizana.

Imebaki nafasi moja ya mkufunzi. Aliyefanya vizuri kuliko wote kwenye usaili ni binti anayeitwa Adventina, wa Songambele kule Kyerwa. Alieleza butura, ule mtindo wa mkulima kuuza kahawa ikingali maua shambani, na jinsi chama cha ushirika kingeweza kuukomesha. Wajumbe waliacha kuchezea simu zao. Halafu mmoja akamuuliza kwao ni wapi na yeye ni mtu wa kabila gani. Adventina akajibu kwamba ni Mnyambo, akataja ukoo, akataja na mwiko wa ukoo, kwa pumzi moja, macho yakiwa ukutani.

Baba, nikaweka kalamu chini. Mnyambo wa kweli ukimuuliza kabila lake anashangaa, anacheka, anakuuliza kwani wewe ni wa wapi. Hakutajii mwiko wa ukoo kwenye usaili wa kazi. Wanaojibu vile ni sisi. Ni sisi tuliofundishwa migombani.

Unakumbuka? Ulikuwa unatusimamisha mimi na kaka katikati ya migomba, wewe ukijifanya ofisa. "Wewe nani? Kwenu wapi? Ukoo gani? Hamli nini?" Tukikosea, tunaanza upya. Babu alikuja kutoka Burundi kuvuna kahawa za watu, wewe ukazaliwa hapahapa Igurwa, lakini uliwaona majirani wenye asili kama yetu wakipandishwa malori na kurudishwa eti kwao, mahali ambapo wengine wao hawakuwahi kupaona. Basi ukaazima ukoo kwa rafiki yako wa jirani, kwa ruhusa yake, na mwiko wake ukaja nao. Tukaacha kula nyama ya pongo wa porini, ambayo hata hivyo hakuna aliyewahi kutuletea. Mimi ukaniita Kokugonza, jina la binti wa hapa, nikakua nalo likawa langu.

Kwa hiyo nilijua binti yule ni mwenzetu. Na kabla sijatulia, mwenyekiti akasema, "Binti ni mzuri sana, lakini Mnyambo tunaye tayari," akanitazama mimi huku anatabasamu. Eti nafasi iende kwa watu ambao hawamo kabisa. Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Uamuzi ni Jumatatu.

Umeona mambo yalivyojifunga? Angesema kwamba yeye ni mjukuu wa vibarua waliovuka mpaka, kamati ingemkumbatia, maana hatujawahi kuwa na mtu wa namna hiyo. Maneno waliyomfundisha ili awe salama ndiyo yanayomfungia mlango. Na mimi ninayejua siwezi kusema nimejuaje.

Jana nilikwenda Songambele. Baba yake alinipokea vizuri, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kibakuli kama mgeni wa heshima. Nikamweleza yote taratibu. Nikamweleza hata habari zetu, Baba, nikakutaja kwa jina. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, sisi ni Wanyambo." Akataja na ukoo. Adventina alikuwa amekaa mlangoni akipepeta maharage, hakuinua uso. Njia nzima nilimkasirikia mzee yule, halafu nikakukasirikia wewe, halafu sikujua tena namkasirikia nani.

Jioni nikamuuliza Mama nifanye nini. Akaendelea kumenya ndizi. Kisha akasema, "Baba yako alinyamaza ili nyinyi mfike. Umefika. Ukitaka kusema, sema, mimi sina pa kukimbilia tena." Sikuelewa kama amenipa ruhusa au amenilaumu. Nikamsaidia kumenya.

Kuna jambo linanisumbua zaidi ya hayo yote. Siku zako za mwisho pale hospitali uliongea Kirundi. Wewe, ambaye hukutufundisha hata salamu yake. Nilikushika mkono nikikuuliza, "Unasemaje, Baba?" na wewe unaongea tu, unatabasamu. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe kitanda cha pili ndiye aliyekuitikia kwa Kirundi mpaka ukatulia. Niliona haya kumuuliza ulikuwa unasema nini. Baba yangu mwenyewe, na nahitaji mkalimani. Siku hizi, mwenyekiti akianza kuzungumza habari za walioachwa nje, akili yangu inarudi kwenye wodi ile, na sielewi kati yangu na wewe ni nani alikuwa nje.

Ninachokielewa ni kidogo. Siri ya Adventina ni ya kwao, siwezi kuitoa hata kama ni kwa faida yake. Lakini siri yetu, sasa umeondoka, na Mama amesema alivyosema, imebaki mikononi mwangu. Jumatatu, mwenyekiti akirudia kwamba Mnyambo wanaye, nitamwambia hamnaye. Nitamwambia mimi ni mjukuu wa Mrundi aliyekuja kuvuna kahawa, binti wa mtu aliyezaliwa Igurwa na kuzikwa Igurwa. Wanihesabu upya wanavyotaka. Nafasi ya Mnyambo itakuwa wazi, na Adventina aingie kwa maneno yake mwenyewe, bila mtu kumgusa.

Najua ulivyokuwa ukisema: "Hata wakikupenda, usiwaambie." Naogopa, Baba. Sijui watanitazamaje Jumanne. Sijui kama hatatokea mtu wa kuja kuuliza habari za uraia wa Mama. Sijui hata kama nakuvunjia heshima au ndiyo kwanza nakuheshimu. Ungekuwepo ungenifokea, halafu ungeninunia siku nzima, halafu ungeniuliza kama nimekula.

Nakuahidi jina la Adventina halitatoka kinywani mwangu isipokuwa kumsifu. Na nakuahidi sitawaruhusu wakuite mwongo. Lala, Baba yangu, upumzike, usisimamishe tena watoto migombani.

Ila nikishamaliza kusema, najua swali litakalofuata. Wataniuliza, basi ukoo wenu hasa ni upi? Na hapo, kwa mara ya kwanza, nitamjibu mtu swali hilo bila kukariri: sijui, baba hakuwahi kuniambia.

Mwanao,
Kokugonza