Kibali Changu Kinaishia Darajani

Mpendwa Shangazi Vesta,

Naomba unisaidie, maana hapa nilipofika sina wa kumuuliza, na wenzangu wa klabu ya wawindaji nikiwauliza wananipigia makofi tu. Mimi ni mtu wa upande huu wa mto, jimbo la Pennsylvania, nina miaka sitini na moja, nimestaafu kiwanda cha saruji, sijawahi kulala mahabusu hata siku moja, na kibali cha kubeba bastola ndani ya nguo ninacho tangu binti yetu Gwen akiwa shule ya msingi. Sasa Gwen ameolewa ng'ambo, jimbo la New Jersey, dakika ishirini na tano kutoka mlangoni kwangu, na huko kibali changu hawakitambui kabisa. Leseni yangu ya gari wanaitambua, cheti changu cha ndoa wanakitambua, lakini nikifika katikati ya daraja na bastola yangu, mimi yuleyule nageuka mhalifu. Basi niliapa mbele ya wenzangu kwamba sikanyagi huko mpaka wakitambue, na kiapo hicho nimekishika miaka minne, hata siku mjukuu wetu Odette alipobatizwa sikwenda, nilibaki nyumbani nikatazama picha. Wanaume wengine huacha bastola zao kwenye makabati ya kukodi pale duka la chambo kabla ya daraja, kila mtu na ufunguo wake, halafu wanavuka mikono mitupu. Wake zetu wanapaita chekechea, eti kila mtoto na kabati lake. Mimi siwezi kujidhalilisha namna hiyo.

Anayevuka ni mke wangu, Lorna. Siku za wiki anapika shuleni hapa kwetu, Jumamosi anakwenda kumlea Odette, ana miaka mitatu sasa, kwa kuwa Gwen ni muuguzi na siku hiyo yuko zamu. Wiki tatu zilizopita, siku ya Ijumaa, tulikwenda pamoja kununua chakula cha kuku, nami nilikuwa nimevaa ile suruali ya mazoezi ambayo mpira wake wa kiunoni umelegea, bastola ikawa inateremka, kwa hiyo Lorna alipokuwa kwenye foleni nikaitia kwenye mkoba wake mkubwa uliokuwa kiti cha nyuma cha gari, chini ya nguo za akiba za Odette, nikijua nitaitoa tukifika. Tulipofika nyumbani nikamkuta rafiki yangu Cletus ananingoja barazani na habari za kulungu, tukazama kwenye mazungumzo, nikasahau.

Asubuhi yake Lorna akavuka. Taa moja ya breki ilikuwa imeungua, polisi akamsimamisha, akamwomba kadi ya bima, Lorna akaingiza mkono mkobani na alichokishika hakikuwa kadi. Alinipigia simu kutoka kituoni akasema, "Baba Gwen, wamenikamata, wanasema nina bastola." Mimi kwa mshtuko nikamuuliza, "Wameichukua?" Akakata simu.

Alilala ndani usiku mmoja, shule imemsimamisha kazi mpaka kesi iishe, na tangu siku hiyo anakaa kwa Gwen. Wakili wake anasema aliyeiweka bastola ile akija kusema kwa kiapo kwamba Lorna hakujua, mwendesha mashtaka huenda akaifuta kesi. Lorna hajanitaja. Amemwambia wakili kwamba aliyeiweka ana mdomo wake.

Sasa Cletus na wenzangu wanasema hii ndiyo nafasi tuliyokuwa tukiingojea, wamechapisha fulana zenye sura ya Lorna, wanakusanya saini ili wabunge kule Washington watunge sheria ya majimbo yote kutambua vibali vya wenzao. Cletus ananiambia, "Kaka, ukienda kukiri umeua hoja yetu." Tena mimi ndiye msimamizi wa usalama wa klabu, mwaka wa kumi na moja huu, nusu ya vijana wa hapa nimewafundisha mimi kushika bunduki. Shangazi, si haki majimbo yatambuane? Na je, nivunje kiapo changu nivuke? Kesi ni Alhamisi ijayo.

Wako,
Mwenye Haki

*

Bwana Mwenye Haki,

Jina hilo umejipa mwenyewe, nimeliona. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili kicheko kikaniisha.

Nianze na majimbo yako, nisije nikaambiwa nimekukwepa. Kabla sijapewa safu hii nilikaa miaka kumi na tisa kwenye dirisha la ofisi ya sherifu, nikipokea fomu za vibali kama hicho chako na kuwaambia wanaume wavue kofia nipige picha. Kwa hiyo najua unachokizungumzia, na hoja yako ina ukweli ndani yake. Mtu ameamka kwake raia mwema, hana deni na polisi wa jimbo lolote, anavuka maji kidogo anakuwa mtu wa kufungwa miaka. Huo ni upuuzi, na wabunge wakikaa wakaumaliza mimi sitalia.

Ila ngoja nikwambie na nilichokiona pale dirishani. Mtu anajaza fomu, analipa dola ishirini, rekodi yake inakaguliwa, anatabasamu, kwaheri. Miaka yote hiyo sikutakiwa hata mara moja kumuuliza mtu kama anajua risasi inatokea upande gani. Ng'ambo wanadai mafunzo, na mtu alenge shabaha mkufunzi akimwangalia. Wakisita kuipokea picha niliyoipiga mimi kana kwamba ni cheti cha akili timamu, nitawaitaje wendawazimu? Majuzi tu msimamizi wa usalama wa klabu fulani ametia bastola kwenye mkoba wa nguo za mtoto, akaenda barazani kupiga soga, akasahau. Nadhani unamfahamu.

Sasa weka chini kikombe chako cha kahawa unisikilize. Tuseme bunge limepitisha sheria yako leo hii kabla ya chakula cha mchana, majimbo yote hamsini yametambuana na kukumbatiana. Lorna anapata nini? Hapati kitu. Kibali kile kina jina lako na sura yako. Yeye hana kibali cha jimbo lolote, na angesimamishwa upande huu wa mto, mbele ya hilo hilo duka la chambo, bado angekuwa na kesi ya kujibu. Fulana zenu zimebandikwa uso wake na zinampigania mtu mwingine kabisa. Cletus hilo halijui, au analijua na ameona fulana zimependeza.

Kinachoweza kumwokoa mkeo ni jambo moja, kwamba hakujua. Na duniani kote yuko binadamu mmoja tu wa kulisema hilo, naye yuko nyumbani ananiandikia mimi kuhusu Washington. Usinidanganye kwamba ni kiapo kinachokuzuia. Unaona aibu. Unaogopa wale vijana uliowafundisha wasikie mwalimu wao alifanya nini pale kwenye chakula cha kuku, na uko tayari mwanamke wa watu aitwe mhalifu ili wasisikie. Hiyo inanichefua, na nakuambia wazi inanichefua.

Tena kuna mtu umemsahau kwenye hesabu zako zote. Mkoba ule ulikuwa unakwenda kwa mtoto wa miaka mitatu. Nimelea watoto wanne, wote walipofika miaka hiyo mkoba wa bibi ndio walioanza kuuchimbua kabla hata ya salamu. Ile taa ya breki iliyoungua huenda ndiyo iliyompa Odette siku nyingine ya kucheza, na wewe katika barua yako yote umeiona kama mkosi.

Unauliza uvunje kiapo? Miaka minne umeshika ulichowaapia wanaume wenzako mkiwa mmeshiba nyama ya kulungu. Kuna kiapo kingine ulichokula mbele ya Lorna, na kwa maneno yako mwenyewe, cheti chake ng'ambo wanakitambua.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kusoma, mpigie wakili wa Lorna, umwambie bastola ni yako, uliiweka wewe, na uko tayari kuapa. Tafuta na wakili wako mwenyewe, maana maneno hayo yanaweza kukugharimu kibali, na yakikugharimu, acha yakugharimu. Usimamizi wa usalama uurudishe kwa mwenyekiti wewe mwenyewe, na uwaeleze wale vijana kwa nini, hilo litakuwa somo bora kuliko yote uliyowahi kuwapa. Fulana zikusanye, gereji yoyote itafurahi kupata vitambaa vya kufutia mafuta. Saini endelea kukusanya ukitaka, ni haki yako, lakini kwa jina lako na picha yako.

Alhamisi vaa suruali yenye mkanda. Bastola kama unayo nyingine ifungie nyumbani, au uipeleke chekechea pamoja na za wenzako, hakuna aliyewahi kufa kwa kudhalilika hivyo. Vuka daraja, ufike mahakamani kabla ya mkeo.

Na Lorna atakapokuja, usimweleze habari za majimbo. Siku ile alipokupigia simu kutoka kituoni lilikuwepo swali moja tu la kumuuliza, nawe ukauliza la bastola. Wiki tatu zimepita, umeniandikia kurasa tatu, na bado hujaliuliza. Msogelee, vua kofia, umuulize kama alikuwa mzima usiku ule.

Shangazi Vesta